Ari ya Mwanamke na Utumishi wa Umma

Hotuba kwa viongozi wa akina mama na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia



Nimeombwa niseme juu ya wanawake waliofanikiwa katika maisha ya hadhara, na juu ya ile hamu inayomsukuma mtu kutaka kufika mbali. Nakiri tangu mwanzo kwamba somo hili lingefaa zaidi kufundishwa na mmoja wenu mnaoketi mbele yangu. Lakini maadamu mmeniita, nitafanya mambo mawili. Kwanza, nitayatazama maisha ya wanawake wachache wanaojulikana na watu wote. Pili, nitauliza pamoja nanyi maisha hayo yanatudai nini, hasa sisi wanaume.

Kabla ya hayo yanipasa kulitaja deni langu. Katika mwaka wangu wa pili wa upadre, parokia niliyotumwa ilikuwa inajiandaa kwa uchaguzi wa halmashauri ya walei. Katika mkutano wa kupendekeza majina, mama mmoja mjane, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama akasema waziwazi kwamba anaomba uenyekiti, na kwamba anadhani anauweza. Ukumbi uliguna. Wazee wawili walinifuata baadaye wakaniambia kwamba mama huyo ana kimbelembele. Nami nilimwita sakristia, nikamshauri kwa sauti ya upole agombee nafasi ya mhazini, kwa ajili ya amani ya parokia. Alinitazama kidogo, akajibu, "Sawa, Padre."

Aliyechaguliwa mwenyekiti alikuwa mtu mwema, ila hakuitaka kazi ile. Aliombwa na wenzake akakubali shingo upande. Kwa miaka mitatu yule mhazini aliandika barua, alifuatilia michango vigangoni, alipatanisha jumuiya zilizogombana, na mwenyekiti akatia saini. Nilijipongeza kwamba nimeilinda amani. Leo najua kwamba nilichokilinda kilikuwa ni ukimya. Nitarudi kwa mama huyo mwishoni.

1. Maneno mawili kwa jambo moja

Kiswahili chetu ni tajiri wa maneno, na utajiri huo wakati mwingine hutusaliti. Kijana wa kiume akionyesha kwamba anataka kuongoza, twasema ana ari, ana moyo, ana upeo. Dada yake akitaka jambo lile lile, mara twasema ana kiherehere, ana uchu, anataka kuwapanda wanaume vichwani. Kijana akishinda, amejitahidi. Dada akishinda, twauliza nani kambeba. Kijana akishindwa, ni bahati yake mbaya. Dada akishindwa, twanong'ona: aliye juu mngoje chini.

Ndugu zangu, hii ni mizani ya uongo, na mizani ya uongo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la adabu. Sisemi kwamba kila hamu ya cheo ni njema. Iko tamaa ya madaraka inayotafuta kula, kusujudiwa na kulipa visasi, nayo ni dhambi kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Lakini iko na ari, yaani nia thabiti ya kuutumia uwezo ambao mtu amejaliwa mpaka uzae matunda kwa wengi. Tofauti ya hizo mbili haiko katika jinsia ya mwenye kutaka, bali katika shabaha ya anachokitaka. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakumlaumu mtu kwa kutaka. Walimwonya juu ya gharama. Basi na tutazame gharama hiyo imelipwaje.

2. Kuona: maisha ya wanawake watatu

Wa kwanza ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, lakini mjini alijulikana kwa sauti yake katika vikundi vya ngoma. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, naye alianzia mahali alipopajua: katika vikundi vya ngoma, ambako wanawake walikuwa tayari wana viongozi wao, michango yao na uaminifu kati yao. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wanachama. Miaka mingi baadaye alimsimulia mwanahistoria Susan Geiger jinsi alivyosimama mbele ya watu akawakumbusha kwamba wanaume wote wamezaliwa na wanawake, na kwamba bila wanawake kujiunga uhuru hautapatikana.

Tuone jambo moja hapa. Ari ya Bibi Titi haikuwa ya kupanda peke yake. Alipopanda, alipanda na kundi. Baada ya uhuru alikuwa mbunge, waziri mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962. Kisha ikaja upande wa pili wa barabara. Mwaka 1965 alishindwa ubunge katika jimbo la Rufiji. Mwaka 1967 alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU, kwa kuwa hakukubaliana na sharti la Azimio la Arusha lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiliwa kwa msamaha wa Rais. Sikuja kuisikiliza upya kesi ile. Nasema tu kwamba wengi wetu hupita katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam bila kujua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kukaa gerezani. Aliaga dunia mwaka 2000. Heshima yetu kwa wanawake aghalabu huchelewa, nayo hupenda kukaa juu ya vibao vya barabara kuliko kwenye viti vya mkutano.

Wa pili ni Wangari Maathai, mzaliwa wa kijiji cha Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Safari yake ndefu ilianza kwa swali la mtoto. Kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona kwamba sababu haipo. Ndivyo binti yule alivyokwenda shule, akapita katika shule za watawa huko Mathari na Limuru, akafika Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo. Akina baba na vijana wa kiume, lishikeni jambo hili: kabla ya shahada zote palikuwa na mvulana mmoja aliyeuliza swali la haki nyumbani kwao.

Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement. Ndoa yake ilivunjwa mahakamani mwaka 1979. Alipomkosoa jaji hadharani, alihukumiwa kifungo, akakaa gerezani siku tatu kabla ya kuachiliwa. Alipotakiwa kuliacha jina la mumewe, aliliongezea herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, akaendelea na kazi. Mwaka 1982 aliacha kazi chuo kikuu ili agombee ubunge; akaenguliwa kwa hoja ya uandikishaji, na aliporudi chuoni akakuta nafasi yake imekwisha kujazwa. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, bungeni yeye na wenzake walidhihakiwa kuwa ni kundi la wanawake walioachika. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alifunga kula pamoja na akina mama wazee waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Mwaka 1997 aligombea urais akashindwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua mbunge kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Alipoyatafakari maisha yake katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, hakujiita shujaa. Alieleza kwamba kile ambacho watu hukiona kuwa ni kutoogopa, kwa kweli ni kutokuacha. Hilo ni fundisho kwa mabinti zetu wanaodhani kwamba waliofanikiwa waliumbwa na moyo wa chuma. Hawakuumbwa hivyo. Waliogopa, wakaendelea.

Wa tatu ni Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1945. Alitoka kisiwani akiwa binti mdogo kwenda kusoma kwa masista, akawa mwalimu, akawa mbunge na waziri, na mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na nakumbuka jinsi neno Beijing lilivyogeuzwa mzaha: mama akidai haki yake, aliambiwa amerudi na Beijing yake. Wachache kati ya waliocheka walijua kwamba serikali 189 zilipitisha azimio la mkutano ule, na kwamba miongoni mwa mambo yake kumi na mawili makuu yalikuwamo umaskini, elimu, afya, ukatili, na nafasi ya wanawake katika maamuzi. Baadaye Mama Mongella alirudi kuomba kura kwao Ukerewe, akawa mbunge kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2004 akachaguliwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Aliyeongoza mkutano wa dunia hakuona haya kurudi kisiwani kusikiliza habari za visima na mitumbwi. Hiyo ndiyo ari iliyokomaa.

Wapo wengine wengi. Lucy Lameck, aliyeanzia katika uuguzi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya Tanganyika huru akiwa waziri mdogo. Mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning waliteuliwa mawaziri kamili. Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012. Anna Makinda alikuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Na tarehe 19 Machi 2021 nchi yetu ilimshuhudia Samia Suluhu Hassan akila kiapo cha Urais. Swali la kama mwanamke anaweza limekwisha kujibiwa. Limebaki swali lililo zito zaidi: anaweza kwa ajili ya nani?

3. Kuamua: kwa mwanga wa Injili

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mama wa wana wa Zebedayo anamwendea Yesu na ombi: wanawe wawili waketi mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme wake. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na kwa miaka mingi sikuona mambo matatu.

La kwanza, mama yule hakujiombea. Aliwaombea wanawe. Ari yote aliyokuwa nayo aliiweka mabegani mwa watoto wa kiume, kwa kuwa hakufundishwa kwamba yeye mwenyewe aweza kuwa na ombi. Ni akina mama wangapi miongoni mwenu ambao ndoto zao zimeishi katika maisha ya waume na wana wao, na hawajapata kuulizwa: na wewe je?

La pili, wale mitume kumi walikasirika. Hawakukasirika kwa sababu ya unyenyekevu, bali kwa sababu nao walivitaka viti vile vile. Hasira dhidi ya anayetaka kuongoza si lazima iwe ulinzi wa maadili. Mara nyingi ni wivu uliovaa kanzu.

La tatu, Bwana hakulaani hamu ya kuwa mkubwa. Aliigeuza njia yake: anayetaka ukubwa na awe mtumishi. Hapo ndipo penye kipimo, na kipimo hicho hakina jike wala dume. Kwa hiyo kusema kwamba mwanamke anaweza kuongoza si kusema kwamba mwanamke hakosei. Mwanamke aliyeshika madaraka atahojiwa sawasawa na mwanamume juu ya rushwa, juu ya damu ya raia, juu ya uhuru wa watu kusema na kuchagua. Kumsamehe makosa kwa sababu ni mama ni dharau. Kumlaumu kwa makosa yasiyo yake kwa sababu ni mama ni dhuluma.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika toba. Katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995, kabla ya mkutano wa Beijing, Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza masikitiko yake kwa lawama inayowahusu wanakanisa wengi katika historia ya kudhalilishwa kwa wanawake. Na ujumbe wa Kiti Kitakatifu kwenye mkutano ule uliongozwa na mwanamke mlei, mwanasheria Mary Ann Glendon. Ni kweli kwamba ujumbe huo uliweka akiba ya mawazo juu ya baadhi ya vipengele. Lakini kutokukubaliana katika mambo kadhaa hakutupi ruhusa ya kuyasahau yale mengi tuliyokubaliana.

4. Kutenda: tuanzie tulipo

Si kila binti atakwenda Umoja wa Mataifa. Lakini kila kijiji kina viti vyake, na haki huanzia hapo.

Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Nendeni mkaulize: katika kijiji chenu hao watatu ni akina nani, nao husema, au huitwa kutia saini tu? Mjane anayefukuzwa shambani hahitaji mwanamke wa kujaza kiti. Anahitaji mwanamke anayejua sheria na aliye tayari kusema.

Pili, viti maalum. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu imehakikisha kwamba wabunge wanawake wa viti maalum hawapungui asilimia 30. Utaratibu huu umefungua mlango, na mlango ni wa kupitia. Asiyepita atageuka kuwa mlinzi wa mlango. Tuwatie moyo wanawake walioanzia huko wasimame majimboni na katika kata, wawajibike kwa wapiga kura moja kwa moja.

Tatu, rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa ni kosa. Binti anayeambiwa kwamba nafasi ya kazi, ya masomo au ya kugombea hulipiwa kwa mwili wake ameibiwa ari yake kabla haijaota. Kamati za haki na amani ziwe mahali anapoweza kusema bila kuogopa kwamba siri yake itafika sokoni kabla yake.

Nne, nyumbani. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, na mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua warudi shuleni. Lakini binti anayechota maji, anayepika na kulea wadogo zake wakati kaka yake anajisomea, bado analipa ada. Na sisi tunaochangia harusi kwa kamati na vikao vya wiki tisa, tujiulize ni lini tuliitisha kikao kimoja cha kumchangia binti wa jirani gharama za bweni.

5. Hitimisho

Naahidi mwanzo, sasa nalipa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika misa ya shukrani ya yule mama mwalimu, alipostaafu. Baada ya misa nilimwomba radhi. Nilidhani atanishangaa, maana nilidhani amesahau. Alicheka kidogo, akasema, "Padre, mimi nilikusamehe zamani. Ila binti yangu alikuwepo ukumbini siku ile, akasikia watu wakiguna. Tangu siku hiyo hakuwahi kuomba uongozi wa kitu chochote."

Nilikosa la kujibu, na hata leo sina. Ndiyo maana nimekubali kuja kuzungumza nanyi. Dhuluma anayotendewa mama mbele ya watu haimwishii yeye. Huketi pia katika moyo wa mtoto anayetazama. Lakini, kwa neema ya Mungu, na haki nayo hutazamwa. Mkirudi parokiani, mama mmoja akisimama na kusema kwamba anaomba kuongoza, msigune. Mwulizeni anataka kuwafanyia watu nini, mpimeni kwa hilo, na mabinti zenu wawasikie mkimwuliza hivyo.

 

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni maneno gani tunayotumia kwa mwanamke anayetaka kuongoza? Je, kwa mwanamume tunatumia maneno hayo hayo?

2. Ni wanawake gani wa kijiji au mtaa wetu waliotumikia watu bila kupewa heshima? Tufanye nini wakiwa bado hai?

3. Wajumbe wanawake wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu ni akina nani? Wanahitaji msaada gani ili sauti yao isikike?

4. Katika nyumba zetu, nani anapewa muda wa kujisomea jioni, na nani hapewi?